Mapafu ya Sajenti

Sajenti hakuwahi kuvuta hata sigara moja maishani mwake, lakini barua ya daktari wa kampuni ilisema sigara ndiyo iliyomla mapafu.

Bintiye ndiye aliyeisoma kwa sauti. Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha mbao chenye mito mitatu ya kumweka wima, maana akilala chali alizama kama mtu aliyetupwa kisimani. Binti alipofika kwenye neno "sigara" alidhani macho yamemdanganya, akarudia. Mzee akanyoosha mkono, akaichukua barua, akaisogeza karibu na uso, akaikunja mara nne na kuikalia.

"Pumbavu," alisema. Alisema neno hilo moja kwa sababu pumzi haikumtosha kusema mawili.

Binti huyo mtaa mzima ulimwita Fundi. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele, na cherehani yake ilitazama barabara iendayo mgodini, ile ambayo hata mvua ikinyesha matope yake ni meusi. Alikuwa na miaka thelathini na minane, aliolewa akaachika, akarudi kwa wazazi wake bila kuinamisha kichwa. Kwa baba yake alirithi paji pana la uso na hasira ya kuchelewa kuwaka, ambayo ikishawaka haizimwi kwa ndoo moja ya maji.

Lakini ili tusi la barua ile lieleweke, ni lazima tumjue Sajenti mwenyewe.

Kabla ya mgodi alikuwa askari, katika kikosi cha kuchimba mahandaki na kutegua mabomu ya ardhini. Kila askari alipewa pakiti ya sigara kwa juma. Yeye zake alibadilishana kwa sukari, na wenzake wakamtania kwamba siku akipigwa risasi hatatoka damu, watatoka sisimizi. Siku moja kikosi kiliamriwa kurudi nyuma haraka, na mwenzao mmoja akaachwa amefukiwa kwenye handaki lililoporomoka. Sajenti alikataa kwenda. Alibaki peke yake akichimba kwa sahani ya chakula, sahani ilipopinda akachimba kwa kucha, mpaka akamtoa. Yule mwenzake alikufa kesho yake, lakini alifia juani, mkono wake umeshikwa na mtu. Jeshi likamfunga Sajenti wiki mbili kwa kuasi amri, kisha likampa nishani ya ushujaa kwa tendo lilelile.

"Mkono mmoja unanizaba kofi, wa pili unanivisha nishani," alikuwa akisema, "na mwili wenye mikono yote miwili ni mmoja. Basi mimi nimwamini nani?"

Vita ilipokwisha akaingia mgodi wa makaa ya mawe, kwa kuwa alijua mambo ya mashimo. Alianza kwa kusimamisha nguzo za kuzuia dari isianguke, na baadaye akapewa kazi ya kuwapekua wachimbaji kabla hawajashuka. Kwenye makaa kuna gesi, na cheche moja yatosha kuwazika watu mia. Kwa hiyo kila alfajiri, mvua iwe jua liwe, Sajenti alisimama mlangoni pa shimo akipapasa mifuko, soksi na kofia za watu, akitafuta kiberiti na sigara. Siku aliyokuta njiti tatu ndani ya soksi ya dereva wa mashine, alimzaba kofi mbele ya zamu nzima, kisha akamkumbatia, kisha akamrudisha nyumbani. Huyo ndiye mtu ambaye daktari aliandika kuwa ni mvutaji.

Mwaka wa kumi na tisa wa kazi yake, meneja wa mgodi aliamuru maji yafungwe. Mashine ya kukata makaa ilikuwa na mabomba yaliyorusha maji ili vumbi lisipande, lakini maji yalileta tope, na tope lilipunguza kasi. Mabomba yakafungwa. Kule chini vumbi likawa zito hata mtu hakuiona taa ya mwenzake aliye hatua tatu mbele. Sajenti akaiambia zamu yake iketi, nayo ikaketi, watu themanini na wawili. Meneja akashuka mwenyewe, buti zake zikimeta.

"Wewe ni askari wa zamani," alimwambia. "Unajua maana ya amri."

"Naijua sana," Sajenti akajibu. "Ndiyo maana nimekaa."

Maji yakafunguliwa kwa siku tisa, yakafungwa tena, na Sajenti akahamishiwa juu, kwenye jengo la mabati ambamo makaa huchekechwa. Huko vumbi halikuwa na hata pa kutokea. Alimaliza humo miaka yake saba ya mwisho. Kila mwaka daktari wa kampuni alimpiga picha ya kifua, akamgonga mgongoni kwa vidole viwili na kumwambia, "Safi, mzee. Kifua cha simba." Picha zenyewe zilibaki kabatini kwa daktari. Hakuna mchimbaji aliyewahi kuiona ya kwake.

Sasa simba huyo alikuwa hawezi kufika chooni bila kupumzika mara mbili njiani.

Siku ya tatu baada ya barua, Sajenti aliomba nguo zake nzuri. Fundi akamvalisha, akakodi gari la jirani, akampeleka zahanati ya kampuni. Daktari alikuwa mtu mnene mpole, mwenye sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa.

"Mzee wangu," alisema, "wagonjwa wengi huficha. Wanaona aibu. Hatukulaumu."

"Hakuvuta," Fundi akasema. "Muulize yeyote mtaani. Muulize mama."

"Dada, mke hajui kila kitu cha mume."

Sajenti aliinua kidole. Walingoja avute pumzi, na kumngoja kulichukua muda mrefu, kifua kikilia kama mlango wenye bawaba zenye kutu.

"Nilivuta," alisema.

Daktari akamgeukia Fundi kwa huruma, kana kwamba anasema, umesikia?

"Nilivuta," Sajenti akaendelea, "mgodi wenu. Miaka ishirini na sita. Andika hivyo."

Daktari akatabasamu, akafunika kalamu yake kwa kifuniko chake, akaiweka mfukoni. Hakuandika kitu. Fundi aliikumbuka kalamu ile miezi mingi baadaye, na kila alipoikumbuka mguu wake uliikanyaga pedali ya cherehani mpaka sindano ikakatika.

Waliporudi nyumbani, mzee alimshika kiwiko.

"Nikifa," alisema, "nipasueni."

"Baba, usiseme hivyo."

"Nisikilize. Nikiwa hai wananibishia. Maiti," akasimama kuvuta pumzi, "maiti haibishiwi. Wakifungua wataona. Niahidi."

Akaahidi. Aliahidi upesi, kama mtu anavyomwahidi mgonjwa lolote ili anyamaze apumzike. Kisha mzee akalala kwenye mito yake, naye akakaa sakafuni kando ya kiti, ndipo akaelewa ameahidi nini.

Sajenti alikufa Jumanne moja, yapata saa nne asubuhi, Fundi akishona kola ya shati la shule. Kwa miaka minne alikuwa amezoea kuusikia mlio wa kifua cha baba yake chini ya mlio wa cherehani, kama mtu anavyosikia mto ulio nyuma ya nyumba. Uzi ulikatika. Akasimamisha gurudumu ili atunge mwingine, akasikia nyumba yote kimya. Alikaa na uzi vidoleni. Hakugeuka mara moja. Alijua kwamba akishageuka, hatakuwa na baba tena.

Mama yake aliitwa kutoka uani, akaja na mikono yenye povu la sabuni, akamfumba mumewe macho kwa kiganja kilicholowa. Hakupiga yowe. Alisema tu, "Haya, pumzika basi, mtu mbishi wewe," akakaa chini.

Kabla ya adhuhuri gari la zahanati ya kampuni lilikuwa mlangoni. Nani aliwaambia, hakuna aliyejua. Dereva na msaidizi walishuka na machela, na daktari mwenyewe nyuma yao, amevaa uso wa msiba.

"Poleni sana," alisema. "Sisi tutawasaidia kwa kila kitu. Cheti cha kifo naweza kukiandika leo hii hii, kesho mkazika. Msihangaike."

"Utaandika nini?" Fundi akauliza.

"Dada, huu si wakati wake."

"Nakuuliza, utaandika nini?"

Daktari akatazama viatu vyake. "Nitaandika kilichomo kwenye faili lake."

"Basi toka." Fundi alisimama kati ya machela na kiti. "Baba yangu hapandi gari lenu. Anakwenda hospitali ya serikali, anakwenda kupasuliwa, na atakayeandika ni mtu aliyemwona ndani. Toka nyumbani kwetu!"

Daktari akatoka. Lakini vita ya pili ilikuwa ndani ya nyumba. Baba mdogo, ndugu pekee wa marehemu, alikuwa amefika, na maneno yale yalimkuta mlangoni.

"Kupasuliwa?" alisema. "Kaka yangu? Mtu mzima apasuliwe kama kuku?"

"Mwenyewe alitaka, baba mdogo."

"Alikuambia wewe. Mbona mimi hakuniambia? Mwanangu, una uchungu, nakuelewa, lakini hasira hasara. Tumzike mwenzetu mzima. Aliumia jeshini, akaumia mgodini, sasa nasi tumtie kisu?"

"Hasira hasara," Fundi alirudia. "Na upole je, umetuletea faida gani? Umeenda naye zahanati mara ngapi wewe? Umewahi kumwona akilia kwa sababu hawezi kujivua shati?"

"Usinipandishie sauti, mimi ni baba yako!"

"Baba yangu ni huyo hapo!"

Baba mdogo aliinua mkono. Huenda angempiga, huenda asingempiga, haikujulikana, kwa sababu mama alisema, "Shemeji."

Mwanamke huyu hakuwa msemaji. Katika ndoa yenye mume mwenye kelele alikuwa amejichagulia ukimya, na watu walidhani hana neno. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na rundo la vitambaa vilivyokunjwa vizuri. Akakikunjua kimoja mbele ya shemeji yake. Kilikuwa cheupe, kimefuliwa na kufuliwa tena, lakini katikati kilikuwa na doa la kijivu ambalo halikutoka.

"Makohozi yake," alisema. "Vitambaa hivi nimevifua kwa mikono yangu miaka kumi na moja, nikisubiri siku vitakapotoka vyeupe. Mficha maradhi kifo humuumbua, shemeji. Wao ndio walioyaficha. Mwacheni mume wangu awaumbue."

Baba mdogo alikitazama kitambaa, mkono ukashuka. Akatoka nje akalia akiegemea ukuta, kwa sauti, kama wanaume wanavyolia wakishindwa kugombana. Jioni ile ile yeye ndiye aliyekaa na maiti nyuma ya gari mpaka hospitali ya serikali.

Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa buti za mpira. Alimaliza kazi yake siku ya pili mchana, akamwita Fundi kwenye chumba kidogo chenye meza ya vigae.

"Si lazima uone," alimwambia. "Nikikueleza kwa mdomo yatosha."

"Nataka kuona."

Kwenye sinia la bati kulikuwa na kipande cha pafu la baba yake. Fundi alikuwa amewahi kununua mapafu ya ng'ombe buchani, aliyajua yalivyo, ya rangi ya waridi na mepesi kama sifongo. Kitu hiki kilikuwa cheusi. Hakikuwa na madoa, kilikuwa cheusi chote, na katikati yake lilikuwapo donge kubwa kama ngumi ya mtoto. Daktari akalipitishia kisu, na kisu kikakwaruza, kwa sauti ile ile ya jembe likigonga changarawe.

"Hili si la sigara," yule mwanamke alisema. "Mapafu ya wavutaji ninayafungua kila wiki. Hili ni jiwe. Mtu huyu alikuwa akipumulia kijipande kilichobaki hapa juu, unakiona? Kama ganda la chungwa. Sijui aliishije miaka miwili ya mwisho."

"Kwa ubishi," Fundi akasema.

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Alilia amekunja ngumi, na hata yeye hakujua ni majonzi au ni hamu ya kumvunja mtu meno. Alipomaliza, daktari akampa karatasi yenye mhuri na sahihi.

Mazishi yakawa Jumamosi. Jeshi lilileta askari sita na bendera, na kampuni ikaleta shada la maua kubwa kuliko geti la makaburi, pamoja na meneja. Si yule wa buti zinazometa, yeye alishastaafu na afya yake njema. Huyu alikuwa mpya, kijana, na suti yake ilimkaa sawasawa. Kwenye viti vya nyuma walikaa wachimbaji wastaafu kama arobaini, na kila mara walipoinamisha vichwa kuomba, kikohozi kilizunguka kati yao kutoka mwanzo wa safu mpaka mwisho wake.

Meneja akasimama. Akasema marehemu alikuwa nguzo, kwamba mgodi ni familia moja, kwamba familia hii leo imempoteza baba. Alisema kwa hisia. Inawezekana hata aliyaamini.

Fundi alimngoja afike kituo. Kisha akainuka, akamwendea na karatasi mkononi.

"Ahsante kwa maneno mazuri," alisema. "Kwa kuwa sisi ni familia, naomba uisomee familia karatasi hii. Ni fupi."

Meneja akaipokea kwa adabu. Akaanza, "Jina la marehemu..." akapita kwenye umri, akapita kwenye tarehe, kisha midomo ikasimama. Macho yake yaliendelea kushuka, lakini sauti haikutoka.

"Soma," Fundi akasema.

"Dada, nadhani si mahali..."

"Soma!" Sasa ilikuwa sauti ya mzee mmoja kutoka nyuma. Alikuwa ni Kijiko, rafiki wa marehemu, aliyepakia makaa kwa koleo miaka ishirini na nane na mgongo wake umepinda kama kile alichoitwa. "Soma, bwana! Si umesomeshwa?"

"Soma! Soma!" Safu nzima ya nyuma ilipiga kelele, na wengine walikohoa badala ya kusema, na kukohoa kwao kukawa ndiyo kelele yao. Askari sita walisimama wima wakitazama mbele, kama walivyofundishwa. Baba mdogo aliinamisha uso, aibu ya kufanya fujo mbele ya jeneza ilikuwa inamchoma, lakini hakuinuka kumzuia mtoto wa kaka yake.

Meneja akairudisha karatasi. Akairudisha mikononi mwa Fundi, akashuka kutoka pale mbele, akatembea hadi garini bila kugeuka. Fundi akaisoma mwenyewe. Alikwama kwenye maneno ya kidaktari, akayarudia, akakwama tena, na mwisho akafika: makovu makubwa ya mapafu kwa sababu ya vumbi la makaa ya mawe lililovutwa kwa miaka mingi. Hakuna dalili yoyote ya madhara ya sigara. Akalisoma hilo la mwisho mara mbili, mara ya pili kwa kupiga kelele, akilitazama gari la kampuni likigeuza.

Kisha wakamzika Sajenti, na udongo wa pale ulikuwa mwekundu, msafi, hauna makaa.

Mtu akisikia habari hii hudhani ukweli ulishinda siku ile. Ukweli ulisomwa tu. Kampuni iliandika gazetini kwamba inaheshimu majonzi ya familia na kwamba maoni ya daktari mmoja ni maoni ya daktari mmoja. Yule daktari mnene hakufukuzwa. Alihamishiwa mgodi mwingine wa kampuni ile ile, mkubwa zaidi, akaendelee kugonga migongo ya watu kwa vidole viwili. Fundi alipoipata habari hiyo alikuwa ameshika mkasi, akakata kitambaa cha sare tano kwa hasira, akakiharibu chote.

Wiki iliyofuata Kijiko alifika mlangoni pa chumba cha kushonea. Alikuja kwa miguu, akakaa kwenye benchi la wateja, akapumua kwa muda kabla ya kusema.

"Mwanangu, wewe unajua kuandika vizuri. Niandikie na mimi. Nikifa nipasuliwe."

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake cha pini.

"Siandiki," alisema.

"Kwa nini? Baba yako..."

"Baba yangu alilazimika kufa ndipo aaminiwe! Wewe bado unapumua, na mimi sitaki kungoja kaburi lingine ndipo nipate karatasi nyingine. Inuka. Uko na kadi yako ya kliniki? Wenzako wako wapi?"

"Sasa hivi? Mwanangu, una kazi hapo."

"Nguo hazifi. Inuka, mzee."

Alilifunga duka mchana kweupe, wakati wazazi wawili walikuwa wanakuja kuchukua sare. Walikwenda nyumba kwa nyumba, Kijiko akiita madirishani, na mpaka saa nane walikuwa wamefikia wazee sita, Kijiko akiwamo, wanne wenye uwezo wa kutembea na wawili wa kubebwa. Huko hospitali ya serikali karani aliwaambia mashine ya picha ina foleni, warudi mwezi ujao. Fundi akavuta benchi la korido, akaliweka mbele ya mlango wa chumba cha picha, akawakalisha wazee wote sita juu yake na kando yake, akasimama amekunja mikono. Hakuna aliyeweza kuingia wala kutoka. Mlinzi aliitwa, akawatazama wale wazee, akasema yeye mgongo unamuuma, hawezi kuinua mtu.

Wakapigwa picha mmoja mmoja, mpaka jua likapungua dirishani. Yule mwanamke wa buti za mpira alishuka kutoka kwenye vyumba vya maiti kuja kuzitazama. Watano kati ya sita walikuwa na mawe yale yale vifuani.

Kijiko aliishikilia picha yake mbele ya taa ya ukutani, akaitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza, kwa miaka yote ile, kuona ndani ya mwili wake mwenyewe.

"Hii nakaa nayo mimi?" aliuliza.

"Ni yako," daktari akamjibu. "Nakala tunabaki nayo sisi."

Mzee akaivingirisha taratibu, akaificha chini ya koti. Fundi alikuwa tayari ameshainama mezani kwa karani, akimsomea majina ya wazee herufi kwa herufi, na karani alipokosea moja, akaipiga meza kofi na kumwambia aanze upya.